Nyumba Isiyo na Mtu

Mama Pacha alikuwa msusi, na msusi wa kweli hakai kimya. Saluni yake ilikuwa kibanda cha bati kando ya barabara, mkabala kabisa na geti la kambi, na wake za wanajeshi, kuanzia wa praiveti hadi wa kanali, wote walipitisha vichwa vyao mikononi mwake. Ndiyo maana habari za Mjuzi alizisikia kabla Mjuzi hajafungwa hata waya mmoja.

Mjuzi ulikuwa mfumo wa kompyuta. Jina lake halisi lilikuwa refu na la kigeni, limechapwa kwa herufi kubwa kwenye masanduku yaliyoshushwa na malori. Watu wa kambini waliona watapinda ndimi bure, wakaubatiza Mjuzi, na tangu hapo wakausema kama mtu: Mjuzi kasema, Mjuzi kakataa. Kazi yake ilikuwa kuiendesha kambi kwa akili. Azime taa mahali pasipo na watu, apime maji, afungue geti kwa kadi badala ya salamu, afunge kota zisizokaliwa ili jeshi lisipoteze umeme. Meja wa utawala alilitangaza jambo hilo kwenye paredi, kifua mbele, kana kwamba amemzaa Mjuzi yeye mwenyewe.

Na mwanzoni, haki ya Mungu, watu walimpenda. Mabomba yaliyokuwa yakitiririka tangu enzi za wakuu waliokwisha kustaafu yalizibwa ndani ya wiki, kwa sababu Mjuzi aliwapigia mafundi kelele mpaka wakachoka. Mama Pacha mwenyewe alimsifu mbele ya wateja. Hakujua kwamba ngoma ingehamia kwake.

Alikaa kota za masajenti pamoja na pacha wake, waliokuwa wameanza shule, na mama mkwe wake, bibi mwenye kisukari na ulimi mkali kuliko sindano alizojidunga kila siku. Mume wake, Sajenti, alikuwa ametumwa kulinda amani katika nchi ya watu, mbali, na miezi ilikuwa imekwenda bila wao kumtia machoni.

Asubuhi moja alikuwa akipiga pasi sare za pacha, pasi ikapoa mkononi. Akadhani umeme umekatika mtaa mzima. Lakini kwa jirani redio iliimba. Akafungua bomba anawe uso. Bomba likakohoa, likatema tone, likanyamaza.

"Umegombana na nani?" mama mkwe aliuliza kutoka chumbani.

"Sijagombana na mtu, Mama."

"Basi kuna mtu amegombana nawe."

Akafunga mtandio, akaenda ofisi ya utawala. Meja alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, akageuza kioo cha kompyuta ili naye aone. Kulikuwa na ramani ya kambi, nyumba zimepangwa kama vibiriti, nyingine za kijani, nyingine za kijivu. Ya kwake ilikuwa ya kijivu.

"Kwa mujibu wa mfumo, nyumba yako haina mtu," Meja alisema.

"Haina mtu? Na mimi ni nini, pazia?"

Meja alitabasamu kwa subira. Akaeleza kwamba nyumba imefungwa kwenye kadi ya askari, siyo ya familia. Kadi ya Sajenti haijagusa geti kwa muda mrefu, kwa hiyo Mjuzi amehesabu kwamba Sajenti hayupo, na askari asipokuwepo nyumba hufungwa.

"Lakini Afande, hayupo kwa sababu ninyi ndio mliomtuma."

"Hilo tunalijua. Ila orodha ya waliotumwa nje iko kwenye mfumo wa makao makuu, na mifumo hii miwili bado haizungumzi."

"Haizungumzi? Imenuniana?"

Meja hakucheka. Akasema ombi limepelekwa, litashughulikiwa, avumilie. Mama Pacha akamwuliza kama hawezi kuiwasha nyumba kwa mkono, maana yeye mwenyewe anamwona, amekaa mbele yake, anapumua. Meja akasema mkono wa mtu ndio uliokuwa ukilitia jeshi hasara miaka yote. Faida ya mfumo ni kwamba mkono wa mtu haumo.

Alitoka pale shingo imemkakamaa. Jeshi limemtuma mume wake, na jeshi hilohilo linauliza yuko wapi. Alipopata simu ya Sajenti, akamweleza yote kwa pumzi moja. Kule upande wa pili kulikuwa na upepo na sauti za watu.

"Mke wangu, tulia," Sajenti alisema. "Cheo changu kiko mezani mwao. Usije ukaniharibia."

"Mama yako analala gizani."

"Najua. Nitaongea na watu huku. Wewe usipige kelele."

Akatulia. Alitulia kama alivyoambiwa, na baadaye utulivu huo ulimuuma kuliko mambo mengine yote. Akafunga saluni kwa siku hizo, akawa anachota maji kwa jirani, anapikia mkaa kwenye ngazi za nyuma, na dawa ya mama mkwe, iliyozoea kukaa kwenye friji, akaiweka, kwa kuwa jirani hakuwa na friji, ndani ya bakuli la maji chini ya kitanda, mahali alipodhani pana ubaridi. Lakini kota zile zilikuwa za bati, na jua la msimu ule lilikuwa halina utani. Mchana nyumba iligeuka tanuri. Bibi alijidunga kama kawaida, ila dawa ilikuwa imekwisha kupikwa na joto, na siku ya tatu akaanza kunywa maji kama shamba.

"Dawa hii imelala," alisema. "Nenda kaninunulie nyingine, mwanangu."

Mama Pacha akawapeleka pacha shule, iliyokuwa humohumo kambini, kisha akatoka kwenda duka la dawa mjini. Kutoka hakukuwa na tatizo. Mjuzi hakuwa na habari na wanaotoka. Alirudi jua limesimama utosini, dawa imefungwa na barafu ndani ya kitambaa, akaweka kadi yake kwenye geti. Taa ikawa nyekundu. Sauti ya mwanamke asiyekuwepo ikasema, "Kadi haitambuliki."

Aliyekuwa zamu ni koplo waliyemwita Taratibu, kwa sababu alitembea polepole na kuongea polepole, hata kwenye kwata aliwachelewesha wenzake. Alikuwa rafiki wa Sajenti, na mara ngapi amekula kwenye sahani ya nyumba ile hakuna aliyehesabu.

"Ifute, shemeji," alisema. "Labda ina vumbi."

Akaifuta kwenye gauni. Nyekundu. Taratibu akaifuta yeye kwa leso yake. Nyekundu tena.

"Taratibu, mama yuko ndani peke yake. Dawa yake ndiyo hii hapa."

"Mpigie simu kwanza umtulize."

"Simu yake imezima. Itachajiwa na nini?"

Koplo akachukua redio yake ya mkononi, akaongea na chumba cha mfumo. Akajibiwa kwamba tegemezi wa askari asiyekuwepo naye huhesabiwa hayupo, kwa hiyo haruhusiwi kuingia. Akaomba kuongea na Meja. Akaambiwa Meja yuko kwenye kikao cha matayarisho, wageni wa makao makuu wanakuja kumwona Mjuzi. Akasimama kidogo, redio imemning'inia mkononi. Barafu ilikuwa ikidondoka matone kwenye vidole vya Mama Pacha, na kila tone aliliona likianguka.

"Unanijua mimi, hunijui?" alimwuliza. Alitaka kupiga kelele, lakini sauti ilitoka ndogo.

"Nakujua, shemeji."

"Basi?"

Pembeni mwa geti palikuwa na mlango mdogo wa chuma wa zamani, uliobaki kwa ajili ya dharura ya moto, na ufunguo wake ulikuwa kwenye mkanda wa mlinzi. Taratibu aliutoa, akaingiza, akazungusha. King'ora kikalia kambi nzima.

"Kimbia," alisema.

Alikimbia. Watu walichungulia madirishani wakadhani kambi imevamiwa, na mvamizi mwenyewe ni msusi mwenye viatu mkononi. Alimkuta mama mkwe amekaa sakafuni, ameegemea kitanda, midomo imekauka kama udongo wa kiangazi, anapumua kwa kina na kwa shida. Bibi akamwita Mama Pacha kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Majirani wakasaidiana kumbeba kwa shuka hadi zahanati ya kambi, na huko mganga hakuuliza kadi. Akamtundikia maji, akampa dawa, akakaa naye. Bibi alipofungua macho vizuri, mganga akamvuta Mama Pacha pembeni.

"Angechelewa zaidi ya hapo, tungekuwa tunaongea habari nyingine," alisema.

Akiwa anatoka zahanati, akamwona Taratibu akipita katikati ya askari wawili. Hana mkanda, buti hazina kamba, anaburuta miguu ili zisimtoke. Wanampeleka korokoroni. Koplo alimtupia jicho, akainua nyusi kuuliza. Mama Pacha akatikisa kichwa kumjibu kwamba mzima, mama mzima. Basi Taratibu akaendelea na safari yake, polepole.

Hapo ndipo hasira ilipompanda Mama Pacha, na ilipanda ikakaa. Alimfuata Meja kikaoni kwake, akamsimamia mlangoni mbele ya maofisa.

"Mmemfunga mtu kwa kosa la kunijua!"

"Amefungwa kwa kuvunja ulinzi wa kambi," Meja alijibu. "Dada yangu, sikiliza. Askari akifungua geti leo kwa huruma, kesho atafungua kwa hongo. Mfumo hauna huruma, hauna hongo. Ndiyo maana tumeuleta."

"Na akili je? Mmeuletea akili?"

"Ombi lako linashughulikiwa."

Lilikuwa neno la mtu mwenye adabu, na Mama Pacha alihisi kama amepigwa kofi kwa mkono wenye glavu.

Mama Pacha alikuwa amefungua saluni tena, na jioni alirudi kambini kwa kadi za wateja wake. Siku moja kabla ya ugeni, mke wa mkuu wa kambi alikuja kusukwa. Alikuwa mama mnene, mcheshi, hakuwa na majivuno ya vyeo vya mumewe isipokuwa kidogo tu, ya kuonjea. Alitaka misuko myembamba ya kurudisha nyuma, maana kesho atakaa mstari wa mbele. Mama Pacha akaanza upande wa kulia. Hakusema kitu, na mteja akajaza ukimya ule mwenyewe.

"Baba ana furaha, hujapata kuona. Umeme wa kambi umeshuka sana, mpaka makao makuu hawakuamini. Wanasema kambi zote zitaiga kwetu. Kumbe tulikuwa na nyumba nyingi tu zimekaa tupu zinakula moto bure!"

Vidole vya Mama Pacha vikasimama.

"Nyumba zipi hizo, Mama?"

"Mimi nitajua? Zisizo na watu."

Mama Pacha akafunga msuko aliokuwa nao mkononi, akaweka chanuo mezani, akajifuta mafuta. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, inang'aa, mistari imenyooka kama ya paredi. Nusu nyingine ilisimama juu kama kichaka.

"Nimeishia hapo," alisema.

Mke wa mkuu akajitazama kwenye kioo. "Umeishia wapi? Mbona huku bado?"

"Huku hakuna mtu, Mama. Mjuzi kasema."

"Mama Pacha, una wazimu? Kesho nina wageni!"

"Na mimi nina mama mkwe aliyenusurika kufa. Nina watoto wanaosoma kwa mshumaa. Nina koplo yuko korokoroni kwa ajili yangu. Huo umeme uliopungua, Mama, umepungua nyumbani kwangu. Jifunge mtandio, twende ukaone. Ukisema nimedanganya, nitakusuka bure mpaka uzeeke."

Mke wa mkuu alitaka kukasirika, na alikuwa na haki yote. Lakini kuna kitu kwenye uso wa msusi wake kilimfanya ajifunge mtandio. Getini aliweka kadi yake, taa ikawa kijani, akamshika Mama Pacha mkono akapita naye, na mlinzi mpya akatazama angani.

Aliona ndoo zilizopangwa ukumbini. Aliona friji imeachwa wazi isije ikanuka, na ngazi za nyuma zilizofanya masizi. Alimkuta bibi kitandani, katika chumba chenye joto la kupikia mkate, anajipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Huyu ndiye nani?" bibi aliuliza.

"Mke wa mkuu wa kambi, Mama."

"Karibu, mwanangu. Mwambie mumeo sijafa. Najua ameambiwa."

Wakapita na kwa majirani. Mlango wa tatu kutoka hapo, mke mwingine ambaye mume wake alikuwa safari ileile, ananyonyesha katika giza la mchana, madirisha amefunga kwa ajili ya mbu. Mlango mwingine, vivyo hivyo. Wote walikuwa wameambiwa na waume zao watulie. Mke wa mkuu alitoka akitembea haraka, mtandio umeteleza, nusu ya kichwa iko nje, wala hakuufunga tena.

Jioni ile umeme ulirudi. Ulirudi nyumba zote za waliotumwa, kwa mkono wa mtu, ule mkono ulioambiwa haumo. Mkuu wa kambi alikuja mwenyewe kwa miguu, kanali mrefu mwenye mvi za masharubuni, akakataa kiti.

"Hili lisingetokea kama ningeambiwa," alisema.

"Aliambiwa Meja, Afande."

"Meja nitaongea naye. Sasa, dada, kesho ni siku kubwa. Umeme umepata, maji umepata. Naomba yaishie hapa."

"Na koplo?"

Kanali akatazama taa ya darini. "Jeshi lina taratibu zake."

"Ndiye huyohuyo ninayemuulizia," Mama Pacha alisema. Mama mkwe akacheka chumbani peke yake. Kanali hakucheka, akaaga.

Kesho yake familia ziliitwa ukumbini kujaza viti na kupiga makofi. Mama Pacha akaenda, akakaa nyuma na wake wenzake. Mbele kulikuwa na jenerali kutoka makao makuu, mzee mwenye fimbo, na mke wa mkuu akiwa amefunga kilemba kikubwa kuficha siri yake. Meja akasimama mbele ya kioo kipana, akaonyesha ramani ileile ya vibiriti, mistari ikishuka, vidole vyake vikiifuata kwa mapenzi. Kisha akasema, "Sehemu kubwa ya akiba hii imetokana na kufunga nyumba zisizo na watu." Na kwenye kioo, nyumba za jana zilikuwa bado za kijivu. Zilikuwa zimewashwa, lakini akiba ya giza lao ilikuwa haijaondolewa kwenye hesabu. Giza la Mama Pacha lilikuwa limekwisha kuwa sifa ya mtu mwingine.

Alijiambia atatulia. Miguu ikakataa.

"Samahani, Afande," alisema, na ukumbi ukageuka. "Hiyo nyumba ya kijivu, ya mwisho kulia, ni kwangu. Huyo mtu asiyekuwepo ndiye mimi."

Meja akaanza kusema maswali yatakuwa mwishoni. Jenerali akainua fimbo kidogo. "Mwache."

"Mume wangu mmemtuma ninyi. Yuko huko analinda watoto wa watu, na hapa wa kwake wanahesabiwa kuwa hewa. Mama yake mzazi nusura afe kwa sababu dawa iliharibika. Nimesimama getini na dawa mkononi, mashine ikaniambia sipo. Askari mmoja tu, kambi nzima, ndiye aliyekubali kwamba nipo, naye mmemfunga. Nikapigie makofi kitu gani hapa?"

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha, mstari wa mbele, mke wa mkuu akasimama taratibu. Akafungua kilemba chake, akakiweka kitini, akabaki amesimama na kichwa chake cha nusu kwa nusu mbele ya wageni wote. Watu hawakuelewa, ila Mama Pacha alielewa, na kanali alielewa, maana aliinamisha uso.

Jenerali aliuliza swali moja. "Huyo askari yuko wapi?"

Taratibu alitolewa mchana ule, akarudishiwa mkanda na kamba za buti. Watu walimbeba mabegani hadi kota, naye akiwasihi wamshushe kwa kuwa anaona kizunguzungu. Mama mkwe alimpikia kwa mikono yake, akamtukana kwa upendo kwamba ana akili ya ng'ombe na moyo wa mtu. Orodha ya waliotumwa nje ikaunganishwa na Mjuzi katika siku hizohizo. Jambo lililokuwa haliwezekani lilimalizwa na fundi mmoja kabla ya chakula cha mchana.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya kusimulia watoto. Lakini jenerali alirudi makao makuu, na jeshi lina kumbukumbu ndefu kuliko fimbo yake. Haukupita muda, Taratibu akavuliwa cheo chake kwa kufungua mlango bila amri, akahamishiwa kituo cha mpakani, mahali penye baridi ambapo magari hufika yakitaka. Meja alipandishwa cheo. Alipelekwa kufunga Mjuzi katika kambi nyingine.

Taratibu alikuja kuaga na begi moja. Hakuwa na maneno makubwa. Alilalamikia baridi ya huko, akauliza kama Sajenti aliacha sweta nzito. Mama Pacha akampa mbili, akageukia ukutani ili asimwone anavyolia kwa hasira.

Usiku huohuo Sajenti alipiga simu. Wenzake huko walikuwa wamesikia yote kutoka kwa wake zao.

"Nilikwambia utulie," alisema.

"Ndiyo, uliniambia."

"Nisamehe. Usitulie tena."

Tangu hapo Mama Pacha anaandika makao makuu kila mwezi kuhusu cheo cha Taratibu. Wake wenzake hutia sahihi chini, na sahihi ya kwanza kila mara ni ya mke wa mkuu, aliyekuja kumalizia nywele zake siku moja tu baada ya sherehe na kulipa kichwa kizima. Hawajajibiwa. Barua nyingine inakwenda wiki ijayo, na wateja wanaokaa kwenye kiti chake sasa husomewa kwanza, kisha ndipo husukwa.